Mwalimu na Jemadari: Filamu Mbili za Vita Vimoja

Kijana Paul Bäumer, ambaye hakupata kuishi ila katika kurasa za kitabu, amekufa vifo vitatu. Kifo chake cha kwanza kimo katika riwaya ya Erich Maria Remarque iitwayo Im Westen nichts Neues, iliyoanza kutoka katika gazeti moja la Berlin mwezi wa Novemba 1928 na kuchapishwa kuwa kitabu mwezi wa Januari 1929. Humo aanguka mwezi wa Oktoba 1918, katika siku iliyokuwa kimya hata taarifa ya jeshi haikupata habari ya kutoa. Na kimya hicho cha taarifa ndicho kilichofanywa jina la kitabu, yaani hakuna jipya upande wa magharibi. Kifo cha pili kimo katika filamu ya Marekani ya mwaka 1930. Paul amwona kipepeo nje ya handaki, anyoosha mkono kumgusa, mlio wa bunduki moja wasikika, na mkono walegea. Cha tatu kimo katika filamu ya Kijerumani ya mwaka 2022. Hapo hapana kimya wala kipepeo: Paul achomwa singe katika shambulio kubwa la asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano, saa ya kusimamishwa vita, ikiwa karibu kugonga.

Alinganishaye filamu ya asili na ile iliyotengenezwa upya huanza aghalabu kwa kuuliza ni ipi iliyo karibu zaidi na kitabu. Swali hilo ni jepesi, wala halifiki mbali. Kipepeo hayumo katika kifo kilichoandikwa na Remarque, na shambulio la dakika za mwisho halimo. Waongozaji wote wawili walimwasi mwandishi, na walikuwa na haki ya kumwasi, maana filamu itakayofuata kitabu neno kwa neno haitakuwa filamu. Lenye uzito ni kujua kila mmoja alimwingiza nani pale alipoongeza jambo lake. Vita vile viliua vijana kwa mamilioni, na vijana hao hawakuzuka mahandakini kama uyoga, walipelekwa. Filamu ya mwaka 1930 ilimchukua mwalimu wa shule ikamsimamisha mbele ya watazamaji. Filamu ya mwaka 2022 ilimsimamisha jemadari.

Filamu ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Universal, ambayo mwanzilishi wake, Carl Laemmle, alizaliwa katika mji wa Laupheim kusini mwa Ujerumani mwaka 1867, akahamia Marekani akiwa kijana. Mtayarishaji alikuwa mwanawe, Carl Laemmle wa pili. Mwongozaji alikuwa Lewis Milestone, mzaliwa wa Kishinev katika dola ya Urusi, aliyepata kutumika katika jeshi la Marekani wakati wa vita hivyo hivyo. Sinema ilikuwa imeanza kusema juzi tu. Vyombo vya kunasia sauti vilikuwa vizito, vikazifunga kamera mahali pamoja kama punda aliyefungwa kwenye kinu, na filamu nyingi za miaka ile ni watu waliosimama kuzungumza karibu na kinasa sauti kilichofichwa. Milestone alikataa kifungo hicho. Mapigano aliyapiga picha pasipo sauti, kamera ikipita hewani juu ya mahandaki, kisha akayatia milio baadaye. Ndiyo sababu, hata baada ya miaka zaidi ya tisini, shambulio lake bado latisha: kamera yapita mbele ya askari wanaokimbia kwa mwendo ule ule wa bunduki ya rashasha, na mtu mmoja mmoja aanguka kadiri inavyompitia. Baadhi ya waliocheza kama askari wa Kijerumani walikuwa askari wa Kijerumani kweli, wakazi wa Los Angeles waliokuwa wameiona vita ile kwa macho yao. Filamu ilitoka Aprili 1930, ikapata tuzo ya filamu bora na tuzo ya mwongozaji bora katika Oscar za mwaka huo.

Lakini moyo wa filamu hiyo hauko mahandakini. Uko darasani. Mwanzo wake, jeshi lapita njiani kwa ngoma na maua, na kamera yaingia ndani ya chumba cha shule ambamo mwalimu Kantorek awahutubia wanafunzi wake juu ya fahari ya kuifia nchi. Kelele za jeshi zaifunika sauti yake kwanza, kisha sauti yake yajitokeza, na mtazamaji aona ya kuwa hizo mbili ni kelele moja. Kamera yapita usoni pa kila kijana na kuonyesha anachokifikiri: mmoja amwona mama yake akilia, mwingine ajiona amevaa sare na wasichana wakimzunguka. Wote wainuka, vitabu vyatupwa. Mmoja tu, Behn, asitasita, na wenzake wamvuta pamoja nao. Huyo aliyesitasita ndiye wa kwanza kufa.

Baadaye sana, Paul akiwa amejeruhiwa na kupona, apewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Amkuta mama yake mgonjwa kitandani. Amkuta baba yake na rafiki zake mezani mbele ya glasi za bia na ramani, wakigombana juu ya njia ifaayo jeshi kufuata ili lifike Paris, na alipojaribu kuwaeleza hali ilivyo aambiwa kwamba askari huona sehemu yake ndogo tu, hawezi kujua mambo ya jumla. Kisha apita mbele ya shule yake ya zamani. Asikia sauti ile ile, maneno yale yale, na mbele ya Kantorek wameketi vijana wengine, wadogo kuliko yeye alivyokuwa. Mwalimu afurahi kumwona, amwomba awaambie wanafunzi ushujaa wa vita. Paul akataa, abanwa, na mwishowe asema ukweli: ya kuwa kuifia nchi ni jambo chafu lenye maumivu, na kwamba hapo mbele watu huishi matopeni na kufa matopeni. Wanafunzi wamzomea kuwa ni mwoga. Aondoka, na kabla ya ruhusa yake kwisha arejea vitani, kwa sababu huko angalau hapana uongo.

Tukio hilo la pili la darasani halimo katika kitabu. Katika riwaya, Kantorek mwenyewe achukuliwa jeshini siku za mwisho, avishwa sare isiyomkaa, na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani amwendesha kwata mpaka ajute. Msomaji hucheka, na huona kwamba haki imetendeka kidogo. Milestone na waandishi wake waliwanyima watazamaji faraja hiyo. Kantorek wao hapatwi na neno. Abaki darasani, mtu wa heshima mjini, mwenye kupenda wanafunzi wake kwa kweli, na kesho atahutubia darasa jingine. Huo ndio ukali wa filamu ya mwaka 1930: waliowapeleka vijana kufa ni watu waliowapenda.

Ukali huo ulifahamika upesi mahali ulipokuwa umeelekezwa. Katika uchaguzi wa Septemba 1930 chama cha Hitler kilikuwa kimepata viti 107 katika bunge la Ujerumani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Desemba, filamu ilionyeshwa kwa watu wote katika ukumbi wa Mozartsaal, uwanja wa Nollendorfplatz mjini Berlin. Joseph Goebbels, aliyekuwa mkuu wa chama mjini humo, alikuwamo ukumbini pamoja na wafuasi wake. Filamu haijakwenda mbali walipoanza kupiga kelele, wakatupa vichupa vya uvundo na kuwafungulia panya weupe chini ya viti. Onyesho likavunjika. Siku zilizofuata yalikuwa maandamano njiani, na tarehe 11 Desemba baraza kuu la ukaguzi wa sinema likaipiga filamu marufuku kwa hoja ya kwamba yaharibu heshima ya Ujerumani. Serikali ya jamhuri, ambayo ilikuwa na polisi na sheria, ilishindwa na panya. Mwaka 1931 filamu iliruhusiwa tena, kwanza kwa mikutano ya faragha, kisha kwa wote ikiwa imekatwa baadhi ya sehemu. Mwaka 1933 ilipigwa marufuku kabisa, na mwezi wa Mei mwaka huo vitabu vya Remarque vilichomwa moto hadharani.

Yafaa kuuliza kwa nini hasira ile ilikuwa kubwa hivyo. Ilisemwa kwamba filamu yawaonyesha askari wa Kijerumani wakilia na kuogopa. Bila shaka lilikuwa jambo la kuwaudhi. Lakini liko jingine lililochoma ndani zaidi. Tangu mwaka 1919 ilienezwa Ujerumani hadithi ya kwamba jeshi halikushindwa vitani, ila lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani: wanasiasa, wajamaa, Mayahudi. Chama cha Hitler kilikula hadithi hiyo asubuhi na jioni. Sasa filamu ya Milestone nayo ilisema kwamba watu wa nyumbani wana hatia, ila haikumtaja mjamaa wala Yahudi. Ilimtaja mwalimu mwenye tai shingoni, na wazee wenye ramani mezani. Ilisema kisu kilipigwa, nacho kilipigwa mwaka 1914, na waliokipiga walikuwa wakishangilia. Hadithi ya kisu cha mgongoni haiwezi kukaa chumba kimoja na filamu hiyo. Mmoja wao sharti atoke.

Walioshiriki katika kazi hiyo hawakutoka nayo salama. Remarque alihama Ujerumani, akanyang'anywa uraia mwaka 1938, na mwaka 1943 dada yake, Elfriede Scholz, aliuawa kwa hukumu ya mahakama ya dola kwa maneno aliyoyasema juu ya vita. Lew Ayres, aliyecheza kama Paul, alipoitwa jeshini mwaka 1942 alikataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Majumba mengi ya sinema ya Marekani yakakataa kuonyesha filamu zake, naye akaenda Pasifiki kuwa mhudumu wa majeruhi.

Mwaka 1979 filamu nyingine ilitengenezwa kwa televisheni, chini ya uongozi wa Delbert Mann. Ni kazi ya heshima, yenye kufuata kitabu kwa uangalifu, na haina la kuzuia safari ya insha hii.

Filamu ya mwaka 2022 ni jambo jingine. Ndiyo filamu ya kwanza ya kitabu hicho katika lugha ya Kijerumani. Mwongozaji wake ni Edward Berger. Paul achezwa na Felix Kammerer, na Katczinsky, askari mzee wa akili awalishaye vijana, achezwa na Albrecht Schuch. Ilipigwa picha katika nchi ya Cheki, ikasambazwa na Netflix, ikapata tuzo saba za BAFTA na tuzo nne za Oscar mwaka 2023. Haiwezekani kuitazama na kusema haikustahili sifa. Matope yake ni matope, na vifaru vyake vyatambaa juu ya mahandaki kama wanyama wa jinamizi.

Mwanzo wake wapita mwanzo wa filamu ya kwanza. Kijana mmoja, Heinrich, apanda kutoka handakini na kuuawa. Sare yake yavuliwa, yatiwa katika rundo, yafuliwa katika mapipa ambamo maji yageuka mekundu, yapelekwa kwa gari la moshi mpaka kiwandani, yashonwa matundu ya risasi na wanawake waliopangwa mistari mbele ya cherehani, yakunjwa, na kupewa Paul siku aliyojiandikisha. Paul aona ndani ya kola kitambaa chenye jina la mtu mwingine. Arudi kwa karani kumwambia kuna makosa. Karani akichana kitambaa, akitupa chini, amwambia labda haikumtosha mwenyewe. Kwa dakika chache, bila hotuba, mtazamaji amefahamu vita vya viwanda ni nini.

Ajuaye filamu ya kwanza hukumbuka hapo viatu vya Kemmerich. Katika kitabu, na katika filamu ya Milestone, Kemmerich ana viatu vizuri vya ngozi laini. Anapokufa hospitalini, rafiki yake Müller avirithi. Müller aanguka, avirithi mwingine. Na kamera yafuata viatu tu, kifo baada ya kifo. Viatu na sare vyasema neno moja, walakini kwa njia mbili. Viatu vyapita kutoka mkono hata mkono kati ya marafiki wanaojuana majina, na kila arithiye aona aibu kidogo. Sare yapita kati ya watu wasiojuana kamwe, na dola ndiyo ipitishayo. Wazo la Berger ni kubwa, na labda ni kweli zaidi kwa vita vile. Ila lina gharama yake, na gharama hiyo huonekana mbele: tangu sare hiyo, mwenye kutenda ni dola, ni mtambo, ni amri itokayo mbali. Watu wa kawaida wamekwisha kutolewa hatiani kabla filamu haijafika nusu saa.

Mwalimu yumo katika filamu ya Berger, lakini mara moja tu. Ahutubia, vijana washangilia, atoweka. Ruhusa ya kwenda nyumbani imefutwa yote. Hakuna mama mgonjwa, hakuna meza ya bia, hakuna darasa la pili. Kutoka masika ya 1917 filamu yaruka miezi kumi na minane mpaka Novemba 1918, na Paul hapati tena kuona mlango wa kwao. Nafasi iliyopatikana kwa kufuta hayo imepewa watu wawili ambao Remarque hakuwaandika kabisa. Mmoja ni wa historia: Matthias Erzberger, mwanasiasa wa chama cha Kikatoliki, aliyeongoza wajumbe wa Ujerumani mpaka msitu wa Compiègne na kutia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Wa pili ni wa kubuniwa: Jemadari Friedrichs, akaaye katika jumba la kifahari nyuma ya vita, mbwa wake miguuni, akijuta kwamba alizaliwa amechelewa kupata vita vya baba yake. Friedrichs huyo, akijua kwamba saa tano vita vitakwisha, aamuru shambulio la mwisho ili arudi kwao na ushindi. Hilo ndilo shambulio limuualo Paul.

Je, jambo hilo lilitukia? Asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918 watu waliendelea kufa mpaka dakika ya mwisho, na hukadiriwa kwamba waliouawa siku hiyo ni zaidi ya 2,700 kwa pande zote. Askari Henry Gunther, Mmarekani, aliuawa dakika moja kabla ya saa tano. Lakini walioendelea kushambulia asubuhi ile walikuwa hasa upande wa washirika, na Wamarekani zaidi ya wote, kwa kuwa baadhi ya majemadari wao hawakutaka kuacha kusonga mbele. Jeshi la Kijerumani lilikuwa likirudi nyuma, limechoka, na Kaisari alikuwa ameondoka kitini siku mbili kabla. Mwenye kutetea filamu atasema msanii ana ruhusa ya kubuni, na kweli anayo. Jemadari kama Friedrichs aliwezekana kuwako.

Naye alikuwako, kwa namna fulani, ila baharini. Mwishoni mwa Oktoba 1918 wakuu wa manowari za Ujerumani walipanga kuzitoa meli zote kwenda kupigana pigano la mwisho na Waingereza, ingawa serikali yao yenyewe ilikuwa imekwisha kuomba amani. Lilikuwa wazo la Friedrichs hasa: kufa kwa heshima, kwa maisha ya watu wengine. Mabaharia walikataa. Wakazima moto wa matanuri ya meli, na baada ya siku chache, huko Kiel, uasi wao ukaenea nchi nzima na kuuangusha ufalme. Hapa ndipo filamu ya mwaka 2022 ilipopotewa na jambo lenye thamani kuu. Watu wa kawaida wa Ujerumani walipoamriwa kufa bure katika siku za mwisho, walisema hapana, na neno hilo ndilo lililomaliza dola ya Kaisari. Katika filamu askari wanung'unika, kisha wapanda kutoka handakini. Jemadari amepewa uwezo wote wa kutenda, na askari hawakuachiwa hata ule waliokuwa nao kweli.

Juu ya Erzberger, haki itendeke. Filamu imetengenezwa na Wajerumani wanaojua yaliyofuata baada ya mwaka 1918, ambayo Remarque alipokuwa akiandika hakuweza kuyajua yote. Kumwonyesha mtu huyu akiomba vifo vikome saa hiyo hiyo, na Jemadari Foch akimpa muda wa saa 72 pasipo kupunguza neno, ni kuijibu hadithi ya kisu cha mgongoni kwa ukumbusho: aliyetia sahihi hakuwa msaliti, na wakuu wa jeshi waliotaka mapatano walimwacha raia ayabebe. Erzberger aliuawa kwa risasi tarehe 26 Agosti 1921, akitembea katika Msitu Mweusi, na wauaji wakiwa watu wa jamii ya siri ya wanajeshi wa zamani. Kwa hiyo nia ya Berger ni njema. Lakini mtazamaji asiyejua historia hutoka na picha ya Mfaransa mkaidi upande mmoja na jemadari mwendawazimu upande wa pili, na kati yao watu wa Ujerumani wasio na neno. Goebbels asingalihitaji panya kwa filamu hiyo.

Na kwa kuwa filamu mpya imetia kamera ndani ya behewa la Compiègne, yafaa kutazama karatasi zilizokuwa mezani humo. Kifungu cha 17 cha mapatano kilihusu Afrika Mashariki. Washirika walitaka kwanza majeshi yote ya Kijerumani ya huko yajitoe bila sharti katika muda wa mwezi mmoja. Wajumbe wa Ujerumani wakabisha, na kifungu kikabadilishwa kuwa majeshi hayo yaondoke kwa muda utakaowekwa na washirika. Saa tano ya asubuhi ile, ambayo filamu yaihesabu dakika kwa dakika kana kwamba ulimwengu wote una saa moja ya ukutani, haikusikika hapa. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipata habari tarehe 13 Novemba, karibu na mto Chambeshi katika nchi ambayo sasa ni Zambia, naye aliweka silaha chini Abercorn, iitwayo sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Alirudi Berlin mwaka 1919 akapita na watu wake chini ya Lango la Brandenburg kama jemadari asiyeshindwa, na hadithi ya jeshi lisiloshindwa ikapata shahidi wa kutoka Afrika. Wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na mizigo kwa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa karibu 100,000, na upande wa Wajerumani daftari ni chache hata hesabu haiwezekani. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali pa kununulia nyanya. Hao hawakuwa na Kantorek, hawakuhutubiwa, walikamatwa. Wala sare zao hazikushonwa upya, kwa sababu wengi hawakupewa sare.

Liko tukio moja ambalo filamu zote mbili zimelichukua kutoka kitabuni na kulihifadhi, nalo ndilo hupima wachezaji. Paul yu ndani ya shimo la kombora kati ya mahandaki ya pande mbili. Mfaransa aanguka humo, Paul amchoma kisu kabla ya kufikiri, kisha yambidi kukaa naye mpaka afe. Katika filamu ya 1930 Mfaransa alichezwa na Raymond Griffith, mchekeshaji maarufu wa filamu za kimya, ambaye sauti yake ilikuwa mbovu tangu zamani, na sinema zenye sauti zilikuwa zimemnyima kazi. Hasemi neno, amtazama Paul tu, na hata baada ya kufa uso wake kama watabasamu. Paul wa Lew Ayres asema sana, aomba msamaha, aahidi kumwandikia mke. Watazamaji wa sasa huona maneno hayo yamezidi. Paul wa Kammerer hana maneno ya kutosha: kwanza amjaza yule mtu udongo mdomoni asisikie pumzi yake, kisha ajaribu kuutoa udongo ule kwa vidole, ampa maji, amwita rafiki. Atoa kijitabu mfukoni mwa marehemu, aona picha ya mke na mtoto, asoma kazi yake. Alikuwa mpiga chapa. Hapo filamu mpya yafikia kimo cha ile ya asili na pengine kuipita, na si bahati: ndani ya shimo lile hapana jemadari wala dola wa kupewa hatia, na mkono ulioshika kisu ni wa Paul mwenyewe.

Baada ya kifo cha Paul, filamu ya mwaka 2022 yaandika juu ya kioo hesabu ya waliokufa upande wa magharibi, zaidi ya askari milioni tatu, mara nyingi kwa ajili ya mita mia chache za ardhi. Ile ya mwaka 1930 haina hesabu. Baada ya mkono kulegea, yaonyesha uwanja wa misalaba meupe, na juu ya misalaba hiyo, kama moshi, vijana wa darasa lile wakienda zao kwa mstari. Kila mmoja, kabla hajapotea, ageuza uso na kutazama nyuma, mahali walipoketi watu wa nyumbani waliolipa kiingilio.